Kaka yake bibi: tarakimu ya tatu imesomeka

Jana usiku, baada ya miezi saba ya kuhangaika, nilifanikiwa kuisoma tarakimu ya tatu ya namba ya jeshi ya kaka yake bibi yangu.

Tulichoachiwa ni bahasha moja ya mwaka 1943, iliyoandikwa kwa penseli, ambayo bibi ameitunza ndani ya kopo la majani ya chai. Jina nililitafuta katika kumbukumbu za Tume ya Makaburi ya Vita ya Jumuiya ya Madola kwa R na kwa L, la baba likitangulia na likifuata, nisilipate, kwa kuwa karani aliyemwandikisha aliliandika kama alivyolisikia. Ikabaki namba, nayo ilikuwa imefutika pale bahasha ilipokunjwa: huenda ni 1, huenda ni 7.

Kwa kazi hii skana haifai kabisa. Mwanga wake huiangukia karatasi moja kwa moja na kuuficha ule mfuo mwembamba ambao ncha ya penseli huuacha hata baada ya rangi yake ya kijivu kutoweka. Nilizima taa, nikailaza tochi ya simu mezani ili mwanga upite juu ya karatasi kwa ubavu, nikapiga picha kumi na mbili huku nikiisogeza kidogo kidogo. Katika picha ya tisa kikajitokeza kivuli cha mstari mfupi wa juu. Ni 7!

Kwa namba hiyo alipatikana papo hapo: Rejimenti ya 301 ya Mizinga ya Afrika Mashariki, 12 Februari 1944. Ni siku ambayo meli ya Khedive Ismail, iliyotoka Mombasa kwenda Colombo, ilipigwa torpido na nyambizi ya Kijapani I-27 karibu na Maldives, ikazama kwa dakika mbili hivi pamoja na watu zaidi ya 1,200. Jina lake, kwa L, limo katika ukumbusho wa wasio na kaburi, ndani ya Makaburi ya Vita ya Nairobi, Barabara ya Ngong. Miaka yote hiyo tumekuwa tukipita barabara ile.

Nilikuwa nimepanga sasa kuitengeneza picha yake iliyochanika, lakini hilo nimeliacha. Bibi, ambaye mara ya mwisho kumwona kaka yake alikuwa na umri wa miaka mitano, nilipomweleza alinyamaza kitambo, kisha akauliza kama jina hilo mkono wake utalifikia. Jumamosi tunampeleka, na leo nashinda nikitafuta kiti cha magurudumu cha kuazima.