Nilivyohesabu mishipa ya damu kwenye mapafu yenye masizi

Slaidi zangu za saratani ya mapafu zilipojaa kahawia kila mahali, washauri wakanipigia simu. Wa kwanza aliniambia niongeze peroksaidi, dawa ya kuzuia rangi isishike ovyo. Wa pili akasema kingamwili yangu, ile protini inayonata kwenye kitu kimoja tu unachokitafuta, ni kali mno, niizimue. Wa tatu, huyu ana shahada zake mbili, akanishauri kwa upole wa kuudhi kwamba maabara kama yetu isijisumbue, vinyama, yaani vipande vya tishu za wagonjwa, vipelekwe nje ya nchi. Hakuna hata mmoja aliyekuwa ameiona slaidi yenyewe. Mimi nilikuwa nimeikodolea macho mpaka shingo ikakakamaa.

Nafanya kazi maabara ya patholojia hapa Moshi. Aliyeniletea shughuli ni daktari wa uzamili, binti mchangamfu anayeniita anko ingawa hatuna undugu wowote. Utafiti wake ni wa saratani ya mapafu: alitaka kujua uvimbe una mishipa mingi kiasi gani ya damu, na kama wingi huo unaendana na protini iitwayo VEGF. Wazo lenyewe ni la zamani. Judah Folkman, daktari mpasuaji wa Marekani, aliandika mwaka 1971 kwamba uvimbe hauvuki milimita 1 au 2 bila kujiotesha mishipa mipya. Seli za katikati zikikosa oksijeni hutoa VEGF, na mishipa ya jirani huchipua kuzifuata. Dawa ya bevacizumab inafanya kazi kwa kuikamata hiyo VEGF isifike kwenye mishipa.

"Anko, inawezekana?" akaniuliza. Nikamwambia aache vibonge vyake vya nta vyenye vinyama ndani, aende akale.

Kwanza tulitenganisha aina mbili za saratani ya mapafu, kwa kingamwili za kutafuta protini za TTF-1 na P40. TTF-1 ikishika kwenye kiini cha seli, mara nyingi ni adenokasinoma, saratani ya seli za tezi. P40 ikishika, ni skwamasi, saratani ya seli bapa. Hili si pambo. Marekani walipoiruhusu bevacizumab kwa saratani ya mapafu mwaka 2006, skwamasi iliachwa nje kwa sababu wagonjwa wake walikuwa hatarini kutokwa damu nyingi mapafuni. Halafu ikaja kingamwili ya CD34, inayoshika seli za ukuta wa ndani wa mshipa. Chupa yake ni kidole gumba tu, na bei yake ni ya mbuzi wa Krismasi na chenji yake.

Kuchemsha slaidi kwenye bufa ya sitreti ya pH 6, kimiminika kinachotunza kiwango cha tindikali kisibadilike, kulinipa shida kidogo. Fomalini, dawa ya kuhifadhia vinyama visioze, huzifunga protini, joto ndilo huzifungua tena, na hapa kwetu kwenye miinuko maji yanachemka kabla ya kufika nyuzi 100. Nikachukua sufuria ya presha soko la Mbuyuni, ile ile ya kupikia maharage, dakika tatu tangu presha ipande. Ikapiga kazi safi. Slaidi ziwe zile zenye gundi maalumu, la sivyo vinyama vitaelea kwenye bufa kama ukoko.

Basi, tukatia rangi ya DAB, ile ya kahawia ambayo kila mtu anaitumia. Kila kitu kikawa kahawia! Mishipa kahawia, madoa kahawia, vifurushi vya kahawia nyeusi katikati ya tishu. Ndipo washauri wakaanza kunipigia simu.

Mimi nikafanya jambo la kizee. Nikachukua kipande kingine cha kibonge kile kile, sikukitia kingamwili wala DAB, nikakiweka chini ya hadubini kikiwa kitupu. Vifurushi vilikuwepo vile vile. Peroksaidi ina lipi la kusema hapo? Kikubwa kilichokuwa mle kilikuwa masizi. Wagonjwa wengi walikuwa akina mama wa mlimani, watu waliopika kwa kuni ndani ya jiko lisilo na dirisha tangu usichana. Kaboni ile humezwa na seli za kinga, nazo hukaa nayo mapafuni mpaka mtu anaingia kaburini. Haiyeyuki kwa peroksaidi wala kwa maombi.

Na haikuwa peke yake. Vibonge kadhaa vilitoka hospitali za mbali ambako kinyama kilikaa kwenye fomalini isiyo na bufa, siku nenda siku rudi. Fomalini ya hivyo hugeuka tindikali na kuacha vumbi la kahawia juu ya tishu. Hilo linaondoka ukiliosha kwa asidi ya pikriki kwenye spiriti, ila usiiache pikriki ikakauka chupani, inalipuka. Palipovuja damu zamani kuna pia chuma, nacho ni kahawia; ukikitia rangi ya Perls kinageuka bluu na mabishano yanakwisha.

Kwa hiyo nikaiacha DAB, nikachukua AEC, ambayo ni nyekundu. Mishipa ikatokea kama nyuzi za pilipili hoho nyekundu, masizi yakabaki meusi kivyake. Binti akapiga kigelegele maabara nzima ikageuka.

Furaha ikampitiliza. Nilipokwenda kunywa chai, akachukua slaidi sita akazipitisha kwenye spiriti na zailini kuzitoa maji kabla ya kuzifunika, kama zilivyo slaidi zote duniani. Nyekundu ya AEC inayeyuka kwenye spiriti. Nilirudi nikamkuta ameshika slaidi juu ya dirisha, anaitafuta rangi. Kwenye beseni spiriti ilikuwa imepata wekundu wa juisi ya rozela.

AEC inataka hematoksilini ya Mayer, rangi ya bluu ya kuonyesha viini vya seli, ambayo haina spiriti, na inataka kufunikwa kwa kitu cha maji. Hicho cha dukani kinaagizwa na kinachelewa. Nikatengeneza jeli: jelatini ya wapika keki gramu 10, maji safi mililita 60, glisirini mililita 70 na fenoli chembe kidogo isiote ukungu. Glisirini ni ya duka la vipodozi, ile ya kupaka miguu. Yote haikufika elfu ishirini. Unaipasha mpaka iyeyuke, tone moja, kioo juu, mapovu unayasukuma taratibu kwa sindano.

Kuhesabu kwenyewe hakuna maajabu. Unatafuta kwa ukuzaji mdogo mahali penye mishipa mingi kuliko pengine, unapanda hadi mara 200, unahesabu maeneo matatu. Hata seli moja ya ukuta wa mshipa iliyoshika wekundu na kujitenga huhesabiwa mshipa, isisubiriwe iwe na tundu. Ila kwenye mapafu kuna mtego: uvimbe ukitambaa juu ya kuta za vifuko vya hewa, mishipa unayoiona ni ya pafu lenyewe, ilikuwepo kabla. Hapo tuliruka.

Siku ya kuutetea utafiti, mmoja wa watahini alimuuliza binti kama hesabu ile inaweza kumchagulia mgonjwa dawa. Akajibu haiwezi, hakuna anayemchagulia mgonjwa bevacizumab kwa kuhesabu mishipa. Nilikuwa nyuma ya ukumbi nikiitikia kwa kichwa kama babu wa bibi harusi.

AEC hupauka, pigeni picha mapema na slaidi ziwekwe gizani. Anayetaka jeli aje, ila aje na glisirini yake.