Piano ya Mkomani na mkono wa kushoto wa Abdullah Ibrahim

Piano ya kwanza niliyoigusa maishani ilifika Lamu mwaka 1999, kaskazi ikivuma, imeviringishwa magodoro na kufungwa kamba. Ilitoka Mombasa kwa lori. Zama hizo barabara ya Garsen kuja Mokowe, bandari ya bara ya kuvukia Lamu, ilikuwa na mashifta, yaani majambazi wa njiani, magari yakipita kwa msafara na askari wenye bunduki, kwa hiyo mzigo wowote uliofika Mokowe salama ulikuwa tayari una kisa chake. Pale ikapakiwa kwenye mashua. Nahodha alikataa katakata kuondoka mpaka maji yajae, kwani kitu cha kilo mia mbili na ushei hakishushwi gatini maji yakiwa yamekupwa na ngazi zimejaa utelezi.

Mwenye piano alikuwa mama wa Kizungu aliyenunua nyumba ya kale mtaa wa Mkomani. Mimi niliitwa kwa kuwa nilikuwa kijana nipigaye kinanda cha umeme kwenye taarabu za harusi. Kazi yenyewe waliifanya mahamali. Walipitisha boriti mbili za mkoko chini yake, wanne mbele, wanne nyuma, wakaingia vichochoroni wakiitikiana, na punda waliobeba mawe ya kujengea wakabaki foleni nyuma yao. Nyumba za kale za Lamu zimejengwa ili anayesimama mlangoni asione ndani: unapita daka, kibaraza cha mlangoni, unapinda tekani, kijiukumbi cha kuingilia, ndipo ufike kiwandani, yaani uani. Mpindo ule wa tekani ndio uliowatoa watu jasho. Ilibidi piano isimamishwe kwa ubavu wake, na kila ilipotikisika nyuzi zilitoa mngurumo kutoka tumboni mwake uliomfanya mtoto mmoja akimbie kwao.

Fundi wa kuiweka sawa alikuja kwa basi baadaye. Alikuwa mzee wa Mombasa, ujanani alipiga piano katika bendi za hoteli, na sasa mapato yake yalikuwa kukaza nyuzi za piano za makanisa na za watu binafsi. Nilimwamkia, akauliza kama najua kushika tochi. Nikawa msaidizi wake.

Nilikuwa sijawahi kuona ndani ya piano. Mna nyuzi zaidi ya 200, kwa sababu sauti nyingi zina nyuzi tatu tatu, na zote zikikazwa pamoja huvuta kwa nguvu ya zaidi ya tani 15. Ndiyo maana nyuma yake pana fremu ya chuma. Mzee alieleza kuwa hewa ya bahari huuvimbisha ubao wa sauti, ubao ukivimba nyuzi zinavutika na sauti inapanda, na inapanda zaidi katikati kuliko kandoni, basi piano nzima inapinda bila mtu kuigusa. Alikuwa na uma wa chuma unaolia kwa mitetemo 440 kwa sekunde. Aliugonga gotini, akauweka ubaoni, akasikiliza, akazungusha ufunguo kidogo sana, pengine upana wa unywele. Aliziziba nyuzi mbili kwa ukanda wa felti, akaikaza ya tatu, kisha akazileta zile mbili zimfuate mwenzao. Uzi unapokaribia kuwa sawa na wa pili, sauti huwa inatetemeka, halafu mtetemo unapungua, unapungua, mpaka unakufa na zinabaki nyuzi mbili zenye sauti moja. Mara ya kwanza kulisikia hilo nilisahau tochi mkononi.

Lakini tatizo kubwa lilikuwa vinyundo. Felti yake ilikuwa imekauka ikawa ngumu, sauti ikatoka kali, ya bati. Mzee alitoa sindano, akaanza kuzichoma felti ili zilegee. Alipofika vinyundo vya katikati akasita, akaweka sindano chini, akapiga sauti tatu nne.

“Hii piano ilivyo,” akasema, “ingemfaa Abdullah Ibrahim.”

Nilimuuliza ni nani huyo, maana jina lile kwetu ni la mtu yeyote unayeweza kumkuta barazani baada ya swala ya laasiri. Akaniambia ni mpiga piano wa Afrika Kusini, mtunzi, na kwamba kibao chake kikubwa, “Mannenberg”, alikirekodi Cape Town mwaka 1974 kwa piano ya ukutani ambayo, kama wanavyosimulia wanamuziki, vinyundo vyake vilikuwa vimechomekwa misumari midogo ya kubandikia karatasi. Ndiyo maana inalia vile, chuma na mbao pamoja.

Sindano haikushikwa tena jioni ile mpaka nilipopata kisa chote. Baadaye nimesoma na kusikiliza mengi zaidi, nayo yamechanganyika na maneno ya Mzee, lakini mpangilio ni wake.

Abdullah Ibrahim alizaliwa Cape Town tarehe 9 Oktoba 1934, akaitwa Adolph Johannes Brand. Piano alianza akiwa na miaka 7, masikio yamejaa nyimbo za kanisa. Ujanani alikwenda bandarini kununua sahani za santuri kwa Wamarekani waliotia nanga pale, na huko ndiko inakosimuliwa kuwa alipata jina la Dollar. Mwaka 1959 yeye, Hugh Masekela, Jonas Gwangwa na Kippie Moeketsi walikuwa pamoja katika Jazz Epistles, bendi ya kwanza ya jazi ya Waafrika Kusini weusi kutoa santuri ndefu. Haikudumu. Machi 1960 polisi waliwaua watu 69 Sharpeville, mikusanyiko ikabanwa, wanamuziki wakaanza kuihama nchi. Mwaka 1962 Dollar Brand alikuwa Zurich, na mwaka uliofuata Sathima Bea Benjamin, mwimbaji aliyekuja kuwa mkewe, alimsihi Duke Ellington, mpiga piano na kiongozi maarufu wa bendi ya jazi wa Marekani, aende klabu ya Africana amsikilize. Ellington akaenda, na akawarekodi Paris. Mwaka 1965 jina la Dollar Brand lilikuwa kwenye tamasha la Newport, Marekani.

Wengi wakimweleza hukazia hapo, kwenye mkono wa Ellington. Mzee alipapita haraka na mimi napapita haraka. Kilichonishika ni cha mwaka 1968: alirudi Cape Town, akasilimu, akawa Abdullah Ibrahim, na piano hakuiacha.

Baba yangu hakuwahi kunikataza kinanda. Nilipokuwa nikitoka nacho begani alinyamaza tu, na kunyamaza kwa baba kuna uzito wake. Kwetu suala la ala na dini ni mazungumzo ya baraza yasiyokwisha. Maulidi ya Msikiti wa Riyadha husomwa kwa matari, ni urithi wa Habib Swaleh, mwanachuoni aliyeuasisi msikiti huo, na hata yeye mwanzo alipata wapinzani wake. Nilikuwa nimezaliwa ndani ya mjadala ule. Kusikia kwamba kuna Mwislamu wa Afrika aliyeyachukua ya kanisani kwa mamake, ya bandarini, ya ngoma za mitaani za Mwaka Mpya wa Cape Town, na utulivu wa mtu anayeswali, akayaweka yote chini ya vidole kumi, kulinipa pumzi ambayo sikujua naihitaji.

“Mannenberg” yenyewe imepewa jina la mtaa wa Manenberg, nje kidogo ya mji, walikopelekwa watu waliohamishwa kwa nguvu na sheria za ubaguzi. District Six ilitangazwa eneo la Wazungu mwaka 1966, na zaidi ya watu 60,000 waling'olewa pale. Aliyegharimia kazi ile alikuwa Rashid Vally, mwenye duka la santuri Johannesburg, chini ya chapa yake ya As-Shams. Inaenda zaidi ya dakika 13, na sehemu kubwa ni mzunguko mmoja mfupi wa piano unaorudi na kurudi, huku saksafoni za Basil Coetzee na Robbie Jansen zikipita juu yake. Haina neno la siasa hata moja, lakini watu wa Afrika Kusini waliifanya yao kwenye mapambano. Baada ya maandamano ya Soweto ya 1976 Abdullah Ibrahim aliondoka tena, akaishi New York, akakiunga mkono waziwazi chama cha ANC. Alirejea nchi ilipofunguka, na tarehe 10 Mei 1994 alipiga piano Mandela alipoapishwa.

Usiku huo umeme ulikatika. Mzee akaniambia nilete chemli, akaketi, akapiga mzunguko ule. Mkono wa kushoto peke yake kwanza, polepole, akikanyaga kila sauti kama mtu anayeshuka ngazi za gati gizani. Vinyundo alivyovilegeza vilitoa sauti laini, vya katikati ambavyo hakuvigusa vikalia bati. Alirudia, akarudia. Mimi, niliyezoea kujaza kila mwanya wa wimbo kwa mapambo, nilikuwa nangoja aongeze kitu. Hakuongeza.

Nyumba ya pili walikuwa na harusi wiki ile, wanawake wamekusanyika juu. Kwanza zilinyamaza sauti zao. Halafu nikasikia pembe. Wanaojua vugo, ngoma ya wanawake ya harusi, watanielewa: pembe inagongwa kwa kijiti, sauti yake kavu, inakata hewa. Mmoja alianza kugonga katikati ya mapigo ya Mzee, si juu yake, na wa pili akaingia. Mzee hakugeuka, ila nilimwona amesogea mbele kwenye kiti. Aliongeza mkono wa kulia sasa, sauti chache, akiwaachia wao nafasi ya kujibu.

“Usende mbio, baba,” alisema bibi mmoja kwa sauti kutoka dirishani. “Twaja!”

Wala hakwenda mbio. Waliendelea muda mrefu, yeye chini kwenye mwanga wa chemli, wao juu gizani, hawajuani kwa sura wala kwa jina, na sidhani hata mmoja wao alikuwa amewahi kusikia habari za Cape Town. Walipomaliza walipiga vigelegele.

Vile vinyundo vya katikati Mzee alivimaliza asubuhi, kwani kazi ni kazi na mwenye piano alitaka sauti ya piano. Kabla hajapanda mashua kwenda kupanda basi Mokowe alinipa kaseti yake, na akanipa agizo: wimbo mmoja kila harusi niupige kwa mkono wa kushoto tu.

Tangu hapo nimemfuata Abdullah Ibrahim miaka yote. Kila akizeeka anapunguza. Mwaka 2020, siku aliyotimiza miaka 86, alirekodi peke yake Ujerumani, ukumbini bila watazamaji, na kuna mahali anaiacha sauti moja ilie mpaka iishe kabla ya kugusa nyingine. Mwaka 2019 Marekani ilimpa heshima yake ya juu kabisa kwa wanajazi. Alistahili zamani.

Agizo la Mzee nililitimiza kwenye harusi iliyofuata, Langoni. Bi mwimbaji wetu, mkali kwa wapigaji, alisimama kwenye ubeti wa pili akanigeukia, nikadhani nitasemwa. Akainama mpaka sikioni pangu.

“Hivyo hivyo,” akasema. “Usiguse kitu kingine.”