Simenti haikauki, inaiva

Samaki wangu wanne walipanda mlima wa Ngomo ndani ya bidoni, kutoka Uvira, nami nimeibana katikati ya magoti njia nzima. Kila gari liliposimama nilifungua kifuniko wapate hewa. Walikuwa Julidochromis, wa manjano wenye milia myeusi, samaki wa Ziwa Tanganyika tu, maisha yao yote ni kwenye mianya ya mawe.

Pale kwetu Kadutu tangi la kioo lilikuwa tayari, jiwe ndilo halikuwepo. Mawe ya kuokota yapo tele Bukavu, ila mazito na hayana mapango. Nilikuwa nimesoma jinsi wafugaji wa samaki wa baharini wanavyojifinyangia miamba: simenti, maganda ya chaza yaliyopondwa, na chumvi ya mawe, ambayo ikiyeyuka inaacha vitundu. Maganda sikuwa nayo, nikatia mchanga mnene. Nilizungushia mchanganyiko huo chupa iliyovikwa plastiki ili pango libaki.

Siku ya tatu nililigonga, likalia. Nikaliloweka siku tano, nikibadilisha maji mpaka ulimi haukusikia chumvi tena. Chumvi ndiyo niliyoiogopa. Jioni nikaliweka tangini pamoja na samaki.

Asubuhi watatu walikuwa juu wakihema mbiombio. Wa nne, mdogo kuliko wote, alilala mlangoni mwa pango nililomtengenezea, milia yake imefifia. Bado naumia nikimkumbuka.

Mjomba, aliyejenga nyumba za watu tangu ujana wake, alipita akienda kazini. Hakuanza na tangi. Alikwenda kwenye basini yenye maji ya mwisho ya kulowekea, akapitisha kidole juu yake. Utando mweupe ukavunjika vipandevipande kama ganda la yai.

“Chokaa hii. Simenti haikauki, mwanangu, inaiva. Sisi tunahesabu siku 28.”

Nami nikachovya vidole. Vikateleza kama nimeshika sabuni. Dada yangu, mwalimu wa kemia, alileta karatasi za kupimia pH, kipimo cha asidi na alkali ya maji: namba ikipanda, alkali inazidi. Maji ya Tanganyika yenyewe yanakaribia 9, ndiyo maana niliamini samaki hawa watavumilia. Karatasi ya basini ilitoka bluu ya giza, zaidi ya 11.

Wale watatu niliwahamishia kwenye ndoo, na pampu ndogo ya hewa. Umeme ukikatika, nilikoroga maji kwa mkono, hata usiku. Jiwe nililitupia chini ya mchirizi wa bati, mvua ilipige, kisha basini tena, maji mapya kila siku ya pili, wiki sita. Mwishowe lililala usiku kucha kwenye maji ya bomba, na asubuhi karatasi ikaonyesha rangi ileile ya bomba.

Mjomba alikuwepo tulipolirudisha. Samaki mkubwa alizunguka mara mbili, akaingia pangoni akigeuza tumbo kuelekea dari, kama wafanyavyo kule ziwani. Mjomba akachuchumaa mbele ya kioo, kofia mkononi, akangoja hadi alipotokea upande wa pili.