Siku jirani ya shangazi alipotoka

Desemba 1994, shule zilipofungwa, nilipelekwa kwa babu huko Amani, Usambara ya Mashariki, nikamsaidie shangazi aliyekuja kujifungulia kwao. Nilikuwa na miaka kumi na moja. Kazi yangu kubwa ilikuwa kuchota maji, na njia ya mtoni ilipita chini ya mti mmoja mrefu wa mtambara uliosalia ukingoni mwa shamba la iliki.

Kwanza nilisikia mbawa. Hondohondo husikika kabla hajaonekana: vuu, vuu, vuu, kama ungo mkubwa unapepetwa juu ya miti. Dume akatua kwenye shina, mwili mweusi, pembe pana ya rangi ya maziwa juu ya mdomo. Akatikisa shingo, akaanza kucheua matunda, moja baada ya moja, akiyapenyeza kwenye ufa mwembamba wa ukuta wa udongo ulioziba tundu la mti. Ncha ya mdomo mwingine ikatokeza, ikapokea. Nilihesabu matunda kumi na manane.

"Nani kamfungia?" nilimuuliza babu.

"Hakufungiwa, mjukuu wangu. Kaingia mwenyewe."

Akanieleza kwamba dume humeza udongo na kuurudisha ukiwa vidonge vyenye mate. Jike huvipokea na kuziba mlango akiwa ndani, nyani na nyoka wasimfikie. Hulalia mayai yapata siku arobaini, kisha hubaki humohumo hadi kinda aweze kuruka. Miezi yote hiyo hula anacholetewa.

Miaka mingi baadaye nilisoma kuhusu Reginald Moreau, Mwingereza aliyefanya kazi Amani miaka ya 1930 na kuwafuatilia ndege hawahawa. Dume mmoja alikadiriwa kuleta matunda 24,000 katika safari 1,600. Niliposoma hesabu ile nilikumbuka miche iliyojazana chini ya mtambara, mbegu zote zile zimetemwa kutoka juu. Msitu wa Usambara unapandwa na ndege huyu, na ninaumia kila nikisikia mti wenye tundu umekatwa mbao.

Shangazi alikuwa bado ndani ya arobaini yake. Kila jioni nilipotua ndoo aliniuliza, "Jirani yangu ametoka?" Nami nikajibu bado.

Wiki ya kwanza ya Januari nilikuta vipande vya udongo mkavu vimetapakaa kwenye mizizi. Juu kulisikika kugonga: ko, ko, ko. Niliweka ndoo chini nikasubiri hadi shingo ikaniuma. Ukuta ukamong'onyoka, kikatoka kichwa, kisha mabega, kisha mama mzima mwenye manyoya yaliyochakaa. Akakaa kwenye tawi, kimya, jua likimpiga. Kinda akamfuata baadaye kidogo.

Nilikimbia hadi nyumbani bila maji. Shangazi alikuwa ananyonyesha.

"Ametoka, shangazi! Na mtoto wake!"

Akainua uso. "Ameweza kuruka?"

"Ameruka."

Akanipa mtoto nimshike, akaenda kusimama nyuma ya mlango, akaufungua kidogo, akasikiliza.