Kazi yangu Slough ni mabetri na majenereta

Jamaa zangu nyumbani mpaka leo wanaamini mie mchana kutwa nabonyeza kompyuta, nikiwaambia wallahi kazi yangu ni mabetri na majenereta wanacheka, wanaona nawaficha mshahara. Nipo Slough, magharibi ya London karibu na Heathrow, mji hauna haiba lakini umejaa majengo makubwa yasiyo na madirisha, hizo ndo data senta, maghala ya kompyuta za mtandao, na mie ni fundi wa umeme humo. Kompyuta zenyewe sizigusi, tena siruhusiwi.

Nimekulia Pemba, kijijini nje ya Wete. Umeme ulikuwa wa mjini, na huko mjini kwenyewe wa majenereta ya dizeli, ukija haya usipokuja haya. Kwetu ilikuwepo redio ya ami, mabetri yakichoka tunayaanika kwenye jamvi pembeni ya karafuu, yakishika joto redio inasema tena, walau taarifa ya habari imalizike. Kugusa stesheni hukubaliwi, ami alikuwa mkali, mie kazi yangu kuyageuza mabetri juani tu basi nikajiona injinia. TV tulifata kwa jirani mwenye betri la gari. TVZ hiyo, ilianza miaka ya 70 tena ya rangi, bara TV hawana kabisa (hili Mzanzibari hachoki kulikumbusha). Betri likianza kuisha picha inasinyaa pembeni, watoto tunapiga kelele, mwenye nyumba anatutoa nje.

Zama za Zantel na Nokia za tochi mnazijua, nazipita.

Nikavuka Unguja kusomea umeme na kazi yenyewe niliijulia kwenye giza, maana Disemba 2009 laini ya kutoka bara iliharibika na kisiwa kizima kikakaa bila umeme mpaka Machi 2010. Mji mzima ngurumo na moshi wa vijenereta, maji shida kwa sababu pampu nazo zinataka umeme, na sisi wanafunzi tukageuka mafundi, plagi imejaa masizi, petroli ina maji, mwengine kachomeka jenereta kwenye soketi ya ukutani na meni swichi hajazima, hatari tupu. Hela tulipata, si uongo. Kichekesho ni kuwa mwaka huohuo 2010 Pemba ikaungwa na waya wa chini ya bahari kutoka Tanga, bi mkubwa ananipigia, eti sisi huku taa zinawaka, nyie watu wa mjini vipi?

Data senta ni mambo hayohayo ila kwa pesa nyingi. Umeme ukikatika mabetri ya UPS (mtambo wa umeme wa akiba) yanapokea mzigo palepale, yanaushika dakika chache, majenereta yanawaka na kuupokea. Dizeli nayo ikikaa sana inaingia maji na vijidudu, lazima ichujwe, na kwenye intavyuu waliponiuliza hilo nilisema mpaka wakanambia inatosha. Chumba cha mabetri kinapozwa kwenye nyuzi 20 hadi 25, maana betri za risasi na asidi kila joto likipanda nyuzi 10 juu ya hapo umri wake unakaribia kukatika nusu. Zile za redio zilikuwa kavu, joto linachangamsha kemikali iliyobaki kidogo tu halafu basi. Nimemweleza ami, sasa ana sola na inveta, betri kaliweka barazani linapigwa jua la saa saba. Kanambia nimesahau kwetu.

Vijana wa Pemba wanaoniandikia karibu wote wanaulizia koding, wa umeme hamna, na huku mafundi wa umeme wanatafutwa kweli. Ila cheti cha nyumbani peke yake mie hakikunitosha, nilirudi darasani jioni kusoma kanuni zao za uungaji waya huku mchana nabeba mizigo ghalani, halafu nikaanzia zamu za usiku ambazo wenyeji hawazitaki. Anaetaka ajiandae na hilo, na Kiingereza cha kwenye simu saa tisa usiku alarm inalia.