Tafakari ya Wiki: "Wala Hapana Mtu Aliyempa Kitu"

Somo: Luka 15:11–20

Habari ya mwana mpotevu wengi huisoma kwa haraka hadi pale baba anapomkumbatia. Wiki hii tusimame kwenye mstari wa 16: "wala hapana mtu aliyempa kitu." Ni baada ya hapo ndipo alipozingatia moyoni mwake. Baba alikuwa na mali na alimpenda, lakini hatusomi popote kwamba alituma kitu nchi ya mbali.

Siku hizi nchi ya mbali inafikiwa kwa M-Pesa. Kijana aliyetekwa na chang'aa, ile pombe kali ya kienyeji, hapa Kisumu humpigia mama, anataka nauli ya kwenda kuulizia kazi. Mama akikataa, anapigiwa shangazi Nakuru, kisha kaka mkubwa, kila mmoja na kisa chake, na kila mmoja anaombwa asiwaambie wengine. Hiyo siri ndiyo mtego wenyewe. Basi kutaneni kwanza bila yeye, mkubaliane jibu moja, na asitume mtu kabla ya kuuliza wenzake. Haja ikiwa ya kweli, lipeni wenyewe: karo kwa paybill (namba ya malipo ya M-Pesa) ya shule, dawa kwa till (namba ya malipo) ya duka la dawa. Unga mpeni wa siku mbili tatu, maana gunia zima litauzwa.

Atalia, atatukana, atasema, "Nyinyi ndio mlinifanya ninywe." Mkikataa mara tisa mkatoa ya kumi, mmemfundisha kusumbua mara kumi. Jibu liwe fupi na lile lile kila siku: "Pesa sitatuma. Ukitaka hospitali, twende sasa hivi."

Lakini si kila kilio ni hila. Mnywaji wa kila siku akiacha ghafla, akatetemeka, akaona visivyokuwepo au akaanguka kifafa, hilo linaweza kumuua. Tafadhali msimfungie chumbani kwa maombi; mpelekeni hospitali, mmwombee mkiwa njiani. Akisema atajiua, msibishane kama anaigiza: mmoja wenu akae naye, dawa za shamba ziondolewe nyumbani, na daktari amwone. Kwa ushauri, laini ya NACADA, shirika la serikali la kupambana na ulevi na dawa za kulevya, ni 1192, haitozwi.

Baba alimwona "alipokuwa angali mbali." Kwa hiyo simu yake ipokeeni, hata siku ambayo hapati shilingi. Mwulizeni amekula nini, amelala wapi.