Toa Kwanza, Ndipo Uvute

Asubuhi moja ya mwezi Machi mwaka 2022, nikiwa ndani ya feri ya Likoni pamoja na mamia ya watu waliokuwa wakivuka kwenda kazini kisiwani Mombasa, niliamini kwa yakini kwamba ninakufa. Hakuna jambo lolote lililokuwa limetokea. Bahari ilikuwa shwari, feri ilikuwa imejaa kama inavyojaa kila siku saa moja asubuhi, nami nilikuwa nimesimama kando ya gari la mboga nikiwaza hesabu za ofisini. Ghafla moyo ukaanza kwenda mbio, kijasho chembamba kikanitoka, kifua kikabana, nikahisi kwamba upepo wote uliokuwa ukivuma pale baharini hautoshi kuingia mapafuni mwangu.

Kijana aliyekuwa karibu alinishika mkono, akaniambia kwa huruma, "Dadangu, vuta pumzi, vuta kwa nguvu." Nikavuta. Kadiri nilivyovuta ndivyo hewa ilivyozidi kunipungukia. Midomo ikafa ganzi, vidole vikaanza kuchomachoma kama vinavyodungwa sindano, kisha vikajikunja na kukakamaa hata nikashindwa kuvinyoosha. Mama mmoja mtu mzima alipoviona vidole vile alianza kunisomea Ayatul Kursi, na nyuma yangu nilisikia watu wakinong'onezana kwamba nimepandwa na pepo. Feri ilipofika ng'ambo niliteremshwa nikiwa nimeshikiliwa huku na huku, nikatiwa kwenye tuktuk, nikapelekwa hospitali.

Huko nilipimwa presha, sukari na umeme wa moyo, na kifaa kinachobana ncha ya kidole kikaonyesha kwamba damu yangu ilikuwa na oksijeni asilimia 99. Sikuielewa nambari hiyo, kwa sababu mtu anayekosa hewa hawezi kuwa na oksijeni iliyojaa namna ile. Daktari aliyenihudumia aliketi kitandani kando yangu, akanieleza kwamba moyo wangu ni mzima, kwamba nilikuwa nimepata shambulio la hofu, na kwamba hewa haikunipungukia hata kidogo. Nilikuwa nikipumua kupita kiasi.

Maelezo yake nimeyarudia kichwani mara nyingi, nami nitayaeleza hapa kwa utulivu, maana ndiyo yaliyoniokoa. Mwili hauhitaji oksijeni peke yake. Unahitaji pia kiasi fulani cha kabonidayoksaidi kibaki katika damu, hewa ileile tuliyofundishwa shuleni kwamba ni taka ya kutolewa. Mtu anapotweta bila ya kuwa amekimbia wala kubeba mzigo, huitoa hewa hiyo kwa wingi kuliko mwili unavyoitengeneza. Damu hupungukiwa na tindikali, mishipa inayopeleka damu kwenye ubongo husinyaa kidogo, kizunguzungu kikaingia na vitu vikaonekana kama vya ndotoni. Kiasi cha kalsiamu iliyo huru katika damu nacho hushuka, na neva za vidole na za pembeni mwa mdomo zikaanza kujifyatukia zenyewe. Huo ndio mchomo wa sindano, na ndiyo sababu ya vidole kukakamaa. Mtu asiyelijua hilo huona kila dalili mpya kuwa ushahidi kwamba mauti yamekaribia, akazidi kuogopa, akazidi kutweta, na dalili zikazidi kupata nguvu. Mwanasaikolojia wa Uingereza David Clark aliueleza mzunguko huu mwaka 1986: mtu huitafsiri hali ya mwili wake kuwa ni janga, na tafsiri hiyo ndiyo inayolichochea shambulio. Kijana wa watu kwenye feri alinitakia kheri, lakini alikuwa akiniambia nimwagie mafuta motoni.

Nyumbani, mamangu alikuwa na maelezo mengine. Aliona ni husuda, akamwita ustadhi, nikasomewa na kunyweshwa kombe, maji yaliyooshewa maandishi ya aya za Kurani. Sitaki mtu yeyote adhani kwamba nalieleza hili kwa dharau. Mamangu alikuwa amefazaika, akafanya lile ambalo mamake angelifanya, na kwa muda ule ustadhi aliokuwa akisoma taratibu mbele yangu nilipata utulivu ambao sikuupata kwa siku kadhaa. Baadaye ndipo nilipoanza kujiuliza kwa nini nilitulia, na jibu moja lilikuwa puani mwangu mwenyewe: nilikuwa nimemfuatiliza chinichini. Anayesoma Kurani kwa tartili huvuta pumzi kwa haraka pale penye kituo, kisha huitoa polepole kwa urefu wa aya nzima. Tangu nikiwa na umri wa miaka sita tulifundishwa chuoni, yaani madrasa, kuigawa pumzi namna hiyo, na mwalimu alikuwa mkali kwa mtoto aliyekatisha neno katikati kwa kuishiwa na pumzi. Mwaka 2001 watafiti walioongozwa na Luciano Bernardi huko Italia walichapisha katika jarida la tiba la BMJ matokeo ya kuwapima watu 23 wakisali rozari kwa Kilatini na wakisoma mantra za yoga, yaani maneno yanayorudiwarudiwa. Katika njia zote mbili upumuaji wao ulishuka hadi karibu pumzi sita kwa dakika, na mapigo ya moyo na ya mishipa yakapata mwendo mmoja. Hawakuipima tartili. Mimi nasema tu kwamba nilipoisoma habari ile, niliutambua mwendo wake.

Mtu mzima akiwa ametulia hupumua mara 12 hadi 20 kwa dakika. Zoezi nililopewa lilikuwa kuvuta kwa hesabu ya nne kupitia puani, na kutoa kwa hesabu ya sita kupitia midomo iliyobanwa kama ya mtu anayepoza chai ya moto. Nne na sita ni kumi, na sekunde kumi kwa kila pumzi ni pumzi sita kwa dakika. Mkono mmoja unakaa kifuani na mwingine tumboni juu ya kitovu, na unaopaswa kuinuka ni ule wa tumboni, kwa sababu kazi ya kupumua inatakiwa kufanywa na kiwambo, ule msuli ulio chini ya mapafu. Urefu wa kutoa una sababu yake. Moyo huongeza kasi kidogo tunapovuta pumzi na huipunguza tunapoitoa, kwa kuwa wakati wa kutoa ndipo neva ya vegasi, itokayo ubongoni hadi moyoni na tumboni, inapoushika moyo breki.

Wiki ya kwanza nililifanya zoezi vibaya. Nilidhani kupumua polepole ni kupumua kwa wingi, nikawa najaza kifua hadi mabega yanainuka, na kila baada ya dakika mbili kizunguzungu kinanirudia. Nilikuwa narudia kosa la kwenye feri, isipokuwa kwa mwendo wa taratibu. Pumzi inatakiwa iwe ndogo na laini, kiasi kwamba aliyeketi karibu nawe asiisikie. Jambo hili naliona kuwa muhimu kuliko hesabu yenyewe, na hata sasa nikishikwa naanza kwa kutoa ile iliyomo ndani kabla sijavuta nyingine.

Jambo la pili nililojifunza kwa taabu ni kwamba zoezi hili halishiki kama linaanzwa siku ya mashaka. Nilililimbikiza kwa dakika kumi kila siku baada ya sala ya alfajiri, kwa miezi miwili, wakati sina hofu yoyote, hadi mwili ukalizoea kama mkono unavyozoea kusuka ukili. Shambulio lililofuata lilinikuta kwenye foleni ya benki. Halikuzuilika. Moyo ulikwenda mbio vilevile, lakini vidole havikukakamaa, nami niliweza kukumbuka kwamba mashambulio haya hufika kileleni ndani ya dakika kumi hivi kisha huanza kushuka yenyewe, hata mtu asipofanya lolote.

Lakini kuna mtego, nami nilinasa. Baada ya mafanikio ya benki niliifanya pumzi kuwa hirizi. Nilihesabu nikiwa garini, nilihesabu kwenye harusi ya binamu yangu badala ya kumtazama bibi harusi, na feri sikuipanda kabisa; nilikuwa nazunguka njia ndefu kwa gari, kwa nauli nisiyoimudu. Mshauri nasaha niliyekwenda kumwona aliniuliza ninaogopa nini kitatokea nisipohesabu, nikashindwa kumjibu. Alinifahamisha kwamba nikipumua ili nilifukuze shambulio, bado ninaukubali uongo kwamba shambulio litaniua. Tulikubaliana nipumue ili nibaki pale nilipo huku hofu ikija na kuondoka, na kwamba siku nyingine niiache hofu ije bila ya kuhesabu chochote. Hilo lilikuwa gumu kuliko zoezi lenyewe, na lilinichukua takriban mwaka.

Kwa wanaonisoma na ambao hawajawahi kupimwa, nawasihi sana: anayebanwa kifua kwa mara ya kwanza aende hospitali, wala asijipe jina la ugonjwa kutokana na maandishi yangu, kwa sababu moyo na pumu vinaweza kuja na sura hiyohiyo. Na ile desturi ya kumfunika mtu mdomo na pua kwa mfuko wa karatasi ili apumue hewa yake mwenyewe, tafadhali iacheni. Aliye na ugonjwa wa moyo au wa mapafu anaweza kudhurika vibaya. Mkimkuta mtu katika hali niliyokuwa nayo, msimzingire, na msimwambie avute. Mwambieni atoe, kisha toeni pamoja naye ili awe na mwendo wa kuufuata.

Nilirudi kwenye feri mwezi Agosti mwaka 2023, nikiwa na dada yangu. Hofu ilinijia kabla hata lango halijafunguliwa, tukashuka nayo, tukasimama karibu na ukingo ambapo upepo unapita. Nilianza kuhesabu pumzi honi ilipolia, nikapotea kwenye kumi na tisa kwa kuwa muuza korosho alinikanyaga mguu na kuniomba radhi, nikaanza tena moja. Tulipofika ng'ambo nilikuwa kwenye ishirini na mbili.